Debe au kilo, bilioni au milliard: kuchagua namna ya kutafsiri kiasi na idadi

Anayetafsiri maneno ya kiasi ana njia tatu. Ya kwanza ni kuliacha neno kama lilivyo, debe libaki debe. Ya pili ni kuligeuza liwe kipimo anachokijua msomaji, debe liwe lita 20. Ya tatu ni kuweka vyote viwili, neno la wenyewe na kipimo chake pembeni. Wengi wanaoanza kazi hii huchagua njia moja na kuing'ang'ania tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na wateja nao hupenda hivyo kwa sababu kazi inaonekana nadhifu. Mimi nafanya kazi hii Moshi, na mikutano ikiwapo naenda Arusha, na kila njia nimeiona ikifaa mahali na ikiharibu mahali pengine. Ninachouliza kabla ya kuchagua ni kimoja: msomaji atakifanyia nini hicho kiasi? Atakipima, atakilipia, au atakisoma tu na kupita?

Sokoni

Ingia soko la Mbuyuni, hapa Moshi, asubuhi. Nyanya zinauzwa kwa sado, mahindi na maharage kwa sado au debe, viazi kwa gunia, ndizi kwa mkungu au kwa chana, vitunguu vidogo kwa fungu. Sado ni lile kopo la lita 4. Debe ni lita 20. Mgeni akishaambiwa hivyo anadhani amemaliza, anachukua kalamu na kuandika kilo.

Shida ni kwamba sado na debe hupima ujazo, na kilo hupima uzito. Ukiambiwa "geuza madebe yawe kilo", uliza kwanza: debe la nini? Debe la maharage linavunja mgongo; debe la alizeti mtoto wa shule analiinua. Mahindi yaliyokauka vizuri na yale yaliyovunwa na unyevu hayana uzito mmoja hata yakijaza debe lilelile. Kwa hiyo ripoti inayoandika "debe, sawa na kilo 20" kwa kila zao imebahatisha, na mchumi atakayejumlisha takwimu zile atajumlisha ubahatishaji.

Halafu kuna namna ya kujaza. Muuzaji anaweza kupitisha mkono juu ya sado akaisawazisha, au akapanga nyanya mpaka zikasimama kilima juu ya mdomo wa kopo. Juu ya hapo mnunuzi anadai nyongeza, na muuzaji anatupia mbili tatu. Hiyo nyongeza ni sehemu ya bei. Ukiandika "lita 4 za nyanya" kwa msomaji wa nje umempa kipimo cha kopo, hujampa kiasi kilichouzwa. Na kwenye gunia mambo ni mazito zaidi, maana kuna lumbesa: gunia linaloshonewa kofia juu likabeba kuliko kilo 100 huku mkulima akilipwa kama la kawaida. Wakala wa Vipimo wamelipiga vita kwa miaka. Mfasiri anayegeuza "gunia la lumbesa" kuwa "kilo 100" anamfutia mkulima malalamiko yake yote kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Uamuzi wangu kwa maneno ya sokoni ni huu. Kwenye habari, simulizi au mahojiano, liache neno, lifafanue mara moja ("debe, kopo la lita 20"), kisha liendelee peke yake. Kwenye ripoti ya mradi au utafiti wa mavuno, usigeuze ukiwa mezani. Mwambie mteja ampe mtu mzani akapime debe la zao husika, kisha ndiyo uandike kilo. Akikataa, andika madebe.

Ndizi zinataka sentensi zake, kwa kuwa hapa kwetu zinaliwa kila siku na zinatajwa katika kila andiko la kilimo. Mkungu ni shada zima linaloshuka kutoka mgombani; chana ni safu moja iliyokatwa kwenye mkungu. Kifaransa kina mpangilio uleule: régime ni mkungu, main ni chana. Kiingereza ndicho kinachotega. Mtaalamu wa kilimo akiandika bunch anamaanisha mkungu. Mama wa London akiwa dukani na neno lilelile anamaanisha chana, pengine ndizi tano sita tu. Kwenye mapishi ya Waingereza basi bunch ni chana, kwenye kitabu cha ugani ni mkungu, na hakuna kamusi itakayokuamulia. Fungu nalo liache fungu. Halina uzito, lina bei tu: muuzaji hupunguza vitunguu kwenye fungu kabla hajapandisha bei.

Kahawa: kilo ya nini?

Kahawa inaonyesha vizuri kwa nini njia moja haitoshi. Mkulima wa Kibosho au Marangu hulipwa kwa kilo ya kahawa ya maganda. Kwenye mnada wa Moshi bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kilo 50 za kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Soko la New York, linaloongoza bei za arabika duniani, hutaja senti za Marekani kwa ratili. London, kwa robusta, ni dola kwa tani. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Kahawa huhesabu magunia ya kilo 60.

Tuseme taarifa inasema New York imefunga kwa senti 200 kwa ratili. Ratili moja ni gramu 453.6 hivi, kwa hiyo kilo 50 ni kama ratili 110.2, na bei inakuwa dola 220 na ushee kwa kilo 50, yaani dola 4.41 kwa kilo. Kwa tangazo la kubandikwa ukutani kwenye chama cha msingi cha ushirika, geuza moja kwa moja. Ratili haimsaidii mtu pale. Kwa mkataba, usiguse. Weka senti kwa ratili kama ilivyoandikwa, na kipimo cha pili kiwe kwenye mabano, maana ugomvi ukitokea ni ile namba ya asili itakayosomwa.

Lakini hesabu ya kugeuza ni nyepesi kuliko swali la kahawa ipi. Kahawa ya maganda ikikobolewa inapoteza takriban moja ya tano ya uzito wake. Kilo ya mkulima na kilo ya mnadani ni kilo mbili tofauti, na tafsiri inayozilinganisha bila kusema hivyo inazua maneno ya wizi hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Vilevile neno gunia: msomaji wa hapa akisikia "magunia milioni moja" anawaza gunia la kilo 100. Andika "magunia ya kilo 60" kila linapotokea, hata kama inachosha.

Kijiko

Hapa ndipo sipendi mchezo. Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula ni mililita 15 (Waaustralia wao huhesabu 20). Kifaransa kina cuillère à café, "kijiko cha kahawa" ukilifuata neno kwa neno, lakini ni kijiko kilekile cha chai cha mililita 5. Cuillère à soupe ndicho cha chakula. Kijerumani hufupisha TL kwa cha chai na EL kwa cha chakula, na herufi moja ikisomwa vibaya kiasi kinakuwa mara tatu.

Chukua maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto mwenye kuharisha pale ambapo pakiti za dawa hazipo: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Maelezo hayo yana maneno matatu ambayo mfasiri mvivu huyaacha: "vya chai", "nusu" na "kusawazishwa". Acha la kwanza, na mama anachukua kijiko kilichopo jikoni, ambacho mara nyingi ni cha chakula. Chumvi inapanda mara tatu, na chumvi nyingi kwa mtoto aliyeishiwa maji ni hatari kweli. Acha la tatu, na kijiko kinakuja na kilima chake kama sado ya Mbuyuni.

Kwa dawa za maji, mililita ndizo mbele, na kijiko kitajwe tu kama kuna kipimo kilichokuja na chupa. Kwa mapishi, kinyume chake: kijiko mbele, mililita hazina kazi. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 237 hivi, na kikombe chako cha chai pengine kinachukua zaidi. Kwa pilau haidhuru, kwa keki utaona tofauti.

Tahadhari nyingine ya dawa, fupi. Neno once kwa Kiingereza ni mara moja, kwa Kihispania ni kumi na moja. Ndiyo sababu kwenye maelezo ya dawa mimi huandika tarakimu na neno pamoja, hata mteja akilalamika kwamba karatasi imejaa.

Idadi, kiasi, kiwango

Tukirudi kwenye maneno yenyewe, Kiswahili kinatenganisha kinachohesabika na kinachopimika, lakini hakitenganishi mahali ambapo Kiingereza kinatenganisha. Tunasema watu wengi na maji mengi, mzizi mmoja. Mwingereza anahitaji many na much. Mfaransa yuko upande wetu na beaucoup yake. Kwenye uchache ndipo tunapogawanyika sisi: watu wachache, lakini maji kidogo. Mfaransa hapo anabaki na peu kwa vyote. Kwa hiyo anayetafsiri kutoka Kifaransa akiona wingi apumzike, akiona uchache aamke, aulize kama kitu chenyewe kinahesabika.

Idadi na kiasi nazo zina mpaka huohuo. Idadi ya wagonjwa, kiasi cha damu. Magazeti yetu huandika "kiasi cha watu 200 walihudhuria", na tatizo ni kwamba kiasi pia kina maana ya makadirio: msomaji hajui kama walihesabiwa wakawa 200 au walikadiriwa. Kama ni makadirio, andika "takriban" au "kama watu 200 hivi". Kama walihesabiwa, "watu 200" inatosha. Kiasi tumia kwa visivyohesabika na kwa fedha. Kifaransa kina montant na Kijerumani kina Betrag kwa fedha peke yake. Sisi hatuna, na "kiasi cha fedha" inatosha bila kubuni neno jipya. Kiwango kiache kwa vinavyopanda na kushuka: kiwango cha sukari kwenye damu, kiwango cha riba. Nimeona "kiwango cha wanafunzi waliofika". Kwa masikio yangu hiyo inasema kuhusu uwezo wao darasani.

Neno linalotumika kupita kiasi ni baadhi. Kila some ya Kiingereza inageuzwa "baadhi ya". Baadhi maana yake ni sehemu ya kundi linalojulikana: baadhi ya wanachama wa chama hiki. Kama kundi halijatajwa, Kiswahili kinasema "wako wanaodai", au "watu kadhaa", au hakisemi kitu: "nipe maji", si "nipe baadhi ya maji". Na ukikutana na few ya Kiingereza, angalia kama ina a mbele yake. Ikiwepo, mwandishi anasema wapo kadhaa. Isipokuwepo, analalamika kwamba ni wachache mno. Herufi moja inageuza habari njema kuwa mbaya.

Sifuri ngapi?

Arusha ni mji wa mikutano. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilifanya kazi pale kwa Kiingereza na Kifaransa hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake pale, na tangu Rwanda na Burundi ziingie mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, Kifaransa kinasikika kwenye korido zake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hukohuko, na nyaraka za Kireno na Kiarabu zinapita. Mfasiri wa hapo asipokariri jambo jingine lolote la namba, akariri hili:

Sifuri 9: Kiswahili na Kiingereza cha leo ni bilioni; Kifaransa ni milliard; Kijerumani ni Milliarde; Kihispania ni mil millones; Kireno cha Ureno ni mil milhões; Kireno cha Brazil ni bilhão.

Sifuri 12: Kiswahili na Kiingereza ni trilioni; Kifaransa na Kijerumani ni billion; Kihispania ni billón.

Nimesema Kiingereza cha leo kwa sababu Waingereza wenyewe zamani waliita bilioni kile ambacho leo ni trilioni. Serikali yao ilihamia rasmi kwenye hesabu ya Kimarekani mwaka 1974. Andiko la Uingereza la kabla ya hapo lisomwe kwa shaka. Na kwenye kibanda cha ukalimani, ambako huna muda wa kufikiri, sauti ya billion kutoka kwa Mfaransa inakuja karibu sana na bilioni yetu. Nawashauri wenzangu waandike sifuri kwenye karatasi mbele yao kabla hawajafungua mdomo.

Laki ni rahisi zaidi, ila inasahaulika: laki tatu ni 300,000, na Kiingereza cha Ulaya hakina neno moja la kuibeba. Kiingereza cha India kinayo, kwa hiyo mfanyabiashara Mhindi wa mjini utamwachia laki yake na ataelewa; Mjerumani mwandikie tarakimu.

Na hizo tarakimu, tazama mkato. Sisi tunaandika 1,500 kwa elfu moja mia tano na 1.5 kwa moja na nusu. Mjerumani anafanya kinyume, na Mfaransa naye hutumia mkato kwa desimali. Ankara ya kahawa inayosema 2,500 kg ikifika Hamburg inaweza kusomwa kilo mbili na nusu. Kwa nyaraka za aina hiyo mimi huacha nafasi badala ya mkato, 2 500, au huandika tani 2 na nusu. Hapo geuza bila kumwomba mtu ruhusa.

Makadirio yabaki makadirio

Kifaransa kina familia nzima ya maneno ya kukisia: une dizaine, une vingtaine, une centaine. Hayo si kumi, ishirini na mia. Ni kumi hivi, ishirini hivi, mia hivi. Na Mfaransa akisema quinze jours katika mazungumzo anamaanisha wiki mbili, ingawa siku anazotaja ni kumi na tano. Kwenye barua ya kawaida andika wiki mbili. Kwenye hukumu au notisi yenye mwisho wa rufaa, andika siku 15, maana pale wakili atahesabu kidole kwa kidole. Dazeni nayo kwetu ni 12 kamili, za daftari au sahani kwenye duka la jumla. Kwa hiyo Mwingereza anayesema dozens of people msiandike "dazeni za watu"; ni "makumi ya watu".

Kosa la kinyume ni kuongeza usahihi ambao haukuwepo. Mtu amesema shule iko maili tatu hivi kutoka kwao, tafsiri inatoka "kilomita 4.83". Aliyekisia amegeuzwa mpimaji ardhi. Andika "kilomita tano hivi". Ekari ina kisa chake hapa: wakulima hupima hatua 70 kwa 70, na kwa hatua ya mtu mzima inakaribia sana, kwa sababu ekari yenye umbo la mraba ina upande wa mita 63.6. Lakini mfasiri akiandika "mita 70 kwa 70" amefikisha mita za mraba 4,900 wakati ekari ni 4,047 hivi. Hatua ziache hatua. Kihamba nacho si kipimo kabisa, ni shamba la ukoo, kiwe kikubwa au kidogo. Usikipe ekari ambazo mwenyewe hakuzitaja.

Kuhusu "mara tatu zaidi", sina subira nayo. Kuna anayesoma mara tatu ya mwanzo, kuna anayesoma mara nne. Andika "mara tatu ya" na umalize. Asilimia nazo: riba ikitoka asilimia 10 ikawa 15, imepanda pointi 5 za asilimia, na imepanda kwa asilimia 50. Zote mbili ni kweli. Chagua ile iliyo kwenye andiko la asili na usimsaidie mwandishi kuonekana mkubwa au mdogo.

Zinabaki namba rasmi, na hizo hazikisiwi. Kilele cha Uhuru, juu ya Mlima Kilimanjaro, ni mita 5,895. Kwa Mmarekani ni futi 19,341, na vipeperushi vya Moshi viweke zote mbili kwa kuwa wageni wanapanda wamechanganyika. Vikomo ndivyo vinavyotaka uangalifu wa mwisho. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Neno "usizidi" livuke salama pamoja na namba, na ukikata namba, kata kuelekea chini: kilo 20 ni ratili 44 na kidogo, kwa hiyo andika ratili 44. Ratili 45 inavutia kwa kusomeka, lakini inapita kikomo kwa gramu 400 hivi, na mzani wa getini hausomi kipeperushi.